Anguilla au Saint-Barth: Kisiwa Kipi cha Karibi kwa Likizo ya Kifahari?

Mtu anayepanga likizo moja kubwa ya maisha yake, iwe ni fungate au maadhimisho ya miaka 25 ya ndoa, na ambaye ameshaamua kuitumia kwenye kisiwa kidogo cha Karibi, mara nyingi hubakiwa na majina mawili mkononi: Anguilla na Saint-Barthélemy, ambayo wengi huifupisha kuwa Saint-Barth. Si ajabu kuchanganyikiwa. Visiwa hivi viwili vinapakana na kisiwa kilekile cha Saint Martin, Anguilla ikiwa kaskazini yake na Saint-Barth kusini-mashariki. Vyote ni vikavu, havina mito, na ni vidogo kiasi kwamba hata ukiviunganisha havifikii theluthi ya kisiwa cha Mafia. Katika vyote, chumba kwenye hoteli za daraja la juu kwa kawaida huvuka dola 1,000 za Marekani kwa usiku mmoja kati ya katikati ya Desemba na katikati ya Aprili. Bei zinapokaribiana hivyo, mnunuzi hudhani kwamba bidhaa ni ileile, naye huchagua kwa picha nzuri zaidi aliyoiona. Hapo ndipo fedha nyingi hupotea.

Tofauti yao naielewa hivi: Anguilla ni kisiwa cha kukaa, na Saint-Barth ni kisiwa cha kutoka. Anayekwenda Anguilla analala hatua chache kutoka majini na anaweza kumaliza siku tatu bila kuvaa viatu. Anayekwenda Saint-Barth, hasa akipanga nyumba, analala kilimani, anaendesha gari kwenda ufukweni, anarudi kuoga, kisha anashuka tena mjini kula. Kabla ya kulinganisha bei za vyumba, jiulize na mwenzako saa kumi jioni mngependa kuwa wapi na mkifanya nini. Majibu yenu yakitofautiana, ni heri mjue mapema kabla ya kutoa arbuni.

Bahari

Kwa msomaji aliyekulia Tanga, Lamu au Unguja, mchanga mweupe peke yake si habari. Kitakachomshangaza Karibi ni maji yasiyoondoka. Kwenye pwani ya Afrika Mashariki, wakati wa bamvua, tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa hufikia takriban mita 4, na mgeni wa Paje au Jambiani hujifunza haraka kwamba kuogelea kunapangwa kwa kufuata maji. Katika sehemu hii ya Karibi tofauti hiyo haifikii hata nusu mita. Unaamka, bahari ipo mlangoni. Unarudi baada ya chakula cha mchana, nayo ipo palepale. Kwa mtu anayelipa ili akae karibu na maji, jambo hili lina uzito kuliko wingi wa mabwawa ya kuogelea yaliyoorodheshwa kwenye tangazo la hoteli.

Katika hili Anguilla haina mshindani wa karibu. Ni kisiwa cha chokaa na matumbawe, chenye kilomita za mraba 91, urefu wa takriban kilomita 26 na upana usiozidi kilomita 5, na sehemu yake ya juu kabisa haifiki mita 100. Kwa kuwa hakuna mto wa kuleta tope, maji hubaki maangavu karibu mwaka mzima. Wenyeji huhesabu fukwe 33, na zote ziko wazi kwa umma, hata zile zilizo mbele ya hoteli kubwa. Shoal Bay East, iliyoko kaskazini-mashariki, ndiyo inayosifiwa zaidi kwa mchanga laini na mwamba wa matumbawe ulio karibu. Rendezvous Bay, upande wa kusini, ni mkunjo mrefu unaotazama milima ya Saint Martin. Maundays Bay na Meads Bay ziko magharibi, kwenye hoteli nyingi za daraja la juu. Kutoka Crocus Bay mashua ndogo hukupeleka Little Bay, kihori kidogo chini ya jabali ambacho karibu kila mtu hukifikia kwa njia ya maji, na kutoka Sandy Ground kuna boti za kwenda Sandy Island, kijisiwa cha mchanga ambacho unaweza kukizunguka kwa miguu kwa dakika chache.

Kuna jambo moja ambalo watangazaji wa hoteli hawalitaji sana, nalo linafaa kuwekwa kwenye hesabu. Katika miezi ya baridi ya kaskazini, dhoruba za mbali za Atlantiki hutuma mawimbi mazito hadi fukwe zinazotazama kaskazini na kaskazini-magharibi, Meads Bay ikiwamo. Kuna siku ambazo mawimbi hayo ni mazuri kutazama lakini hayafai kwa mtoto mdogo wala kwa mtu asiyejua kuogelea vizuri. Ukisafiri Januari au Februari pamoja na watoto, chagua malazi ya upande wa kusini, kwa maana ya Rendezvous Bay au Maundays Bay, ambako maji kwa kawaida hutulia.

Saint-Barth ni nchi ya vilima. Ina kilomita za mraba zipatazo 25 tu, na barabara zake hupanda na kushuka kwa mteremko mkali kati ya vihori vilivyotengana. Fukwe zake bora kabisa, Gouverneur na Saline, hazina hoteli wala mgahawa mchangani. Unaegesha gari, unatembea kidogo, unabeba maji yako na mwavuli wako. Colombier hufikiwa kwa boti au kwa miguu kupitia njia ya mlimani. Anayependa ufukwe ambao haujajengwa atazipenda kuliko hata zile za Anguilla, na sitabishana naye. Ila anayetaka kulala ufukweni ana machaguo machache: Saint-Jean, iliyo na pilikapilika; Flamands, yenye mchanga mpana na mawimbi; na Grand Cul-de-Sac, wangwa wenye maji ya kina kifupi uliokingwa na mwamba, ambao ni salama kwa watoto.

Familia zinazosafiri pamoja na wazazi au watoto wakubwa zijue pia kwamba Saint-Barth inafuata desturi za Kifaransa ufukweni. Si ajabu kuwaona wanawake wakiota jua wakiwa wazi kifuani, na pale Saline wapo wanaovua nguo zote. Anguilla inakataza jambo hilo kisheria, na mavazi ya kuogelea yanatarajiwa kuishia ufukweni. Mjini mtu hujisitiri. Kwa wasomaji wengi wa pwani yetu, sentensi hii moja inaweza kuamua safari nzima.

Njia ya kufika

Kwa anayetoka Nairobi au Dar es Salaam, njia ya kawaida ni kupitia Ulaya: Air France kutoka Paris au KLM kutoka Amsterdam hadi uwanja wa Princess Juliana, ulioko Sint Maarten, upande wa Kiholanzi wa kisiwa cha Saint Martin. Kutoka hapo njia mbili zinaachana, na zinaachana kwa namna inayogusa mfuko na moyo.

Kwenda Anguilla unapanda boti. Zipo boti ndogo zinazoondokea jirani na uwanja wa ndege kwa kupanga mapema, na kivuko cha umma kinachotoka Marigot, upande wa Kifaransa, na kufika Blowing Point kwa muda usiozidi nusu saa. Bahari ya mlango huo kwa kawaida ni ya kuvumilika. Anayetoka Marekani ana njia nyingine: tangu Desemba 2021 shirika la American Airlines linaruka kutoka Miami moja kwa moja hadi uwanja wa Clayton J. Lloyd, na kwa ndugu zetu walioko Amerika Kaskazini hilo limeipa Anguilla faida kubwa.

Saint-Barth haipokei ndege kubwa, na haitapokea. Njia ya kurukia ya uwanja wake ina urefu wa takriban mita 650, imebanwa kati ya kilima upande mmoja na ufukwe wa Saint-Jean upande wa pili, na rubani hawezi kutua hapo bila idhini maalumu. Ndege zinazotua ni zile za abiria wasiozidi 19, na uwanja hufungwa jua linapozama. Kutoka Sint Maarten safari huchukua kama robo saa, nayo inapendeza sana kwa asiyeogopa. Mwenye hofu ya ndege ataikumbuka kwa sababu nyingine. Matatizo huanza pale ndege yako ya Ulaya inapochelewa. Ikitua Sint Maarten jua likiwa limeinama, utalala huko, na usiku wa kwanza wa hoteli yako Saint-Barth utalipwa bila kulaliwa. Boti zipo pia, lakini safari ni ya takriban saa moja katika bahari ya wazi, na Desemba na Januari, upepo wa mashariki unapovuma kwa nguvu, wengi hufika wakiwa hoi kwa kichefuchefu.

Suala la visa linahitaji umakini kuliko yote haya. Njiani utakutana na mamlaka tofauti: Sint Maarten iko ndani ya Ufalme wa Uholanzi, Saint Martin ya Kaskazini na Saint-Barth ziko chini ya Ufaransa, na Anguilla ni eneo la ng’ambo la Uingereza. Hakuna hata moja kati yake iliyomo katika eneo la Schengen, kwa hiyo visa ya Schengen ya kawaida isichukuliwe kuwa inatosha kwa Saint-Barth. Visa ya Ufaransa inapaswa kuonyesha kwamba inahusu pia maeneo yake ya ng’ambo. Anayepitia Marekani, hata kama ni kubadilisha ndege tu, anahitaji visa ya Marekani. Mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya, Uganda au Kongo aulize balozi husika kuhusu kila kituo cha njia yake, pamoja na kile cha kupita tu, kabla ya kulipia chochote kisichorudishwa.

Pa kulala

Anguilla ni kisiwa cha hoteli. Mapema katika miaka ya 1980, kilipoanza kujenga utalii wake, kilichagua wageni wachache wanaolipa zaidi, na hoteli mbili za wakati huo bado ndizo zinazokipa sura: Malliouhana, iliyofunguliwa 1984 juu ya jabali la Meads Bay, na Cap Juluca, iliyofunguliwa 1988 kwenye Maundays Bay, yenye nyumba nyeupe za kuba zinazomkumbusha mtu Morocco, zikiwa zimepangwa kufuata mkunjo wa mchanga. Four Seasons ni kubwa zaidi na inafaa wenye watoto. Zemi Beach House iko Shoal Bay East kwa wanaotaka ufukwe huo hasa. Kama fedha zinatosha kwa chumba kimoja tu cha ndoto, na safari ni ya watu wawili, ningechagua Cap Juluca, kwa sababu hapo unafungua mlango na mchanga uko mbele yako.

Saint-Barth nayo ina hoteli nzuri mno, zenye vyumba vichache: Eden Rock, iliyojengwa juu ya mwamba wa Saint-Jean na kuanzishwa na Rémy de Haenen, rubani wa kwanza kutua kisiwani katika miaka ya 1940, ambaye baadaye alikuwa meya; Cheval Blanc iliyoko Flamands; na Rosewood Le Guanahani iliyoko Grand Cul-de-Sac. Hata hivyo wanaokijua kisiwa hiki hupanga vila. Zipo kwa mamia vilimani, kila moja na bwawa lake na mandhari yake ya bahari, na hapa ndipo hesabu inapogeuka. Wenzi watatu wanaosafiri pamoja wakichukua vila ya vyumba vitatu au vinne na kugawana gharama, kila wenzi wanaweza kulipa pungufu ya chumba kimoja cha hoteli kisiwani humohumo, nao wakapata sebule, jiko na faragha. Kwa mwenye kula halali jiko hilo si jambo dogo, kwani mpishi wa kukodi atapika alichoelekezwa. Sharti lake ni gari, tena dogo lenye nguvu, na dereva asiyebabaika kwenye kona kali. Wanaendesha upande wa kulia. Anguilla huendesha kushoto kama sisi, ingawa mgeni hulazimika kulipia kibali cha muda cha udereva anapokodi gari.

Jambo la malipo lisikupite. Anguilla hutumia dola ya Karibi ya Mashariki, ambayo tangu 1976 imefungwa kwa kiwango cha 2.70 kwa dola moja ya Marekani, lakini dola za Marekani hupokelewa kila mahali. Hoteli huongeza kodi na malipo ya huduma juu ya bei iliyotangazwa, na kwa bei hizi ongezeko hilo linaweza kuwa sawa na tiketi ya ndege, kwa hiyo omba bei ya mwisho kwa maandishi. Saint-Barth hutumia yuro na haitozi VAT, jambo linalofanya saa, manukato na mikoba ya Gustavia, mji wake mkuu, kuvutia wanunuzi. Hata hivyo chakula dukani ni ghali, kwa kuwa karibu kila kitu kinaletwa kwa meli au ndege.

Mezani, na watu utakaokutana nao

Kwa chakula cha Kifaransa, Saint-Barth inashinda, na inashinda kwa mbali. Katika mji mdogo wa Gustavia na vihori vinavyouzunguka kuna migahawa ambayo ingejaza watu hata Paris. Anayependa kuvaa vizuri jioni na kuketi mahali penye watu hatachoka wiki nzima. Anguilla ina wapishi hodari hotelini, lakini raha yake ya kweli iko kwingine: kambakoche aliyebanikwa mbele yako ufukweni, samaki wa siku ileile, nyama choma ya kando ya barabara katika mji mkuu, The Valley, mwishoni mwa wiki. Chakula kinachohesabiwa kuwa cha taifa ni wali na mbaazi, mbaazi hizihizi tunazozipika kwa nazi, na mtu wa Mombasa akiletewa sahani hiyo hatahitaji maelezo.

Ufanano huo haukuja kwa bahati. Wakazi wengi wa Anguilla, ambao wote hawazidi elfu kumi na tano na ushei, ni wazao wa Waafrika waliopelekwa huko utumwani. Ardhi ilikuwa kavu mno kwa mashamba makubwa ya miwa, na wenye mashamba walipoondoka, waliobaki wakawa wamiliki wa viwanja vyao wenyewe. Mwaka 1967 watu hao waliwafukuza polisi wa Saint Kitts kwa kukataa kuunganishwa na kisiwa hicho; Machi 1969 Uingereza ikawaletea askari wa miamvuli, ambao hawakupata wa kupigana naye; na mwaka 1980 utengano ukakubaliwa rasmi. Mgeni anaiona historia hiyo bila kuambiwa, kwa sababu afisa uhamiaji, mwenye mgahawa na nahodha wa boti ni wenyeji, na wanakupokea kama wenye nyumba. Kwa Mwafrika anayesafiri mbali hivyo, nadhani hili lina thamani ambayo hakuna hoteli inayoweza kuiweka kwenye orodha ya bei. Ukiweza kwenda mwanzoni mwa Agosti, utakuta tamasha la kiangazi linalokumbuka mwisho wa utumwa wa tarehe 1 Agosti 1834, na mashindano ya mashua za tanga, ambayo ndiyo mchezo wa taifa na huwatoa watu wote majumbani.

Saint-Barth ina asili nyingine. Iliwekwa walowezi kutoka Normandy na Brittany, ikatawaliwa na Sweden kwa karibu karne nzima hadi 1878, na ndiyo maana mji wake unaitwa kwa jina la mfalme Gustav wa 3. Utumwa ulikuwepo huko pia, ukakomeshwa mwaka 1847. Wakazi wake wa leo ni Wafaransa kwa lugha na mwenendo. Ustaarabu wao ni wa heshima lakini wenye umbali kidogo. Msomaji wa Bujumbura, Goma au Lubumbashi anayezungumza Kifaransa atajisikia huru zaidi hapa kuliko Anguilla, ambako Kiingereza ndicho kinachotumika.

Wakati wa kwenda

Msimu wa vimbunga huanza tarehe 1 Juni na kumalizika tarehe 30 Novemba, na hatari kubwa iko kati ya Agosti na Oktoba. Tarehe 6 Septemba 2017 kimbunga Irma kiliviharibu visiwa vyote viwili vibaya, na hoteli nyingi hufunga milango Septemba na Oktoba. Bima ya safari yenye kugharimia kuhamishwa kwa ndege ni ya lazima mwezi wowote, kwa maana hospitali za huko ni ndogo na mgonjwa mahututi hupelekwa nje ya kisiwa. Ningependekeza Mei au mwanzo wa Juni: bei zimeshuka, bahari imetulia, na migahawa mingi bado iko wazi. Uliza tu kuhusu mwani wa kahawia, ambao tangu 2011 umekuwa ukisukumwa hadi fukwe za upande wa mashariki katika miezi hiyo. Krismasi na Mwaka Mpya ni habari nyingine kabisa. Bandari ya Gustavia hujaa mashua za matajiri wa dunia, hoteli hudai siku nyingi kwa mkupuo, na asiyeweka nafasi miezi mingi kabla hapati kitu.

Ikiwa baada ya yote haya hakuna kinachokuvuta kati ya viwili hivi, kwa sababu ufukwe unakuchosha na unataka msitu na mlima, tazama kisiwa cha Nevis, chenye kilele cha mita 985 na hoteli ndogo ndani ya mashamba ya miwa ya zamani.

Na ikiwa vyote viwili vinakuvuta, vinaweza kuunganishwa katika siku kumi. Anza na Saint-Barth kwa siku nne, ukiwa na nguvu za kutoka na kuendesha gari vilimani, kisha umalizie na sita Anguilla. Usipindue mpangilio huo. Siku ya kurudi nyumbani, boti ya Blowing Point hadi Sint Maarten inakupa nafasi kubwa ya kuiwahi ndege ya Ulaya, ilhali upepo mkali juu ya kilima cha Saint-Barth unaweza kuzizuia ndege ndogo asubuhi nzima.